Matengenezo yasiyokatiwa utepe: nani anafagia ndani ya kanzidata zetu?

Nilipotea kidogo, nilikuwa na kibarua kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi huku kwetu Chanika, na hicho kibarua ndicho kimenirudisha hapa. Mada ya leo inanukia mafundi wa kompyuta, lakini msifunge ukurasa kwanza. Kama unanunua umeme kwa simu, kama una namba ya NIDA, kama umewahi kupewa kontroo namba ukaambiwa kalipe, basi inakuhusu hata kama hujawahi kugusa seva maishani mwako.

Tuanze na kitu ambacho wengi tunakikumbuka. Mei 2021 mfumo wa kuuza umeme wa LUKU ulipata hitilafu, na kwa siku kadhaa watu nchi nzima wakahangaika kupata tokeni. Foleni zikahamia kwenye ofisi za TANESCO. Wenye saluni, wenye friji za samaki, wenye mashine za kusaga, kila mtu anajua alivyozivuka siku zile. Waziri wa Nishati wa wakati huo, Medard Kalemani, akaagiza meneja wa TEHAMA wa shirika na wenzake wasimamishwe kazi. Mitaani ikawa gumzo, wakubwa wamewajibishwa, umeme umerudi, tukaendelea na maisha.

Sirudi kule kutafuta mchawi. Ninachokitazama ni tabia yetu. Mfumo ukigoma, swali letu la kwanza ni "nani?" Mimi swali linaloniwasha zaidi ni hili: usiku, wakati sisi tumelala, zile mashine huwa zinafanyiwa nini? Kwa sababu kanzidata inachakaa, wadau. Haipati kutu kama bati, lakini inachakaa, na sehemu inayochakaa kila siku bila mtu kuiona inaitwa faharasa.

Nenda ofisi yoyote ya serikali ya mtaa. Kuna daftari la wakazi, na watu wameandikwa kwa jinsi walivyohamia: wa 2009, wa 2010, mpaka waliohamia juzi. Sasa mtu anakuja anataka barua ya utambulisho. Mwenyekiti apekue kurasa zote mia tatu? Aliye mjanja anakuwa na daftari la pili, dogo, lenye majina kwa mpangilio wa alfabeti, na mbele ya kila jina ameandika ukurasa wa kwenda kuangalia. Hilo daftari la pili ndiyo faharasa. Kanzidata zinazopanga taarifa kwa majedwali, kufuata wazo alilolitoa Edgar Codd wa IBM mwaka 1970, zote zinaishi kwa daftari hilo dogo. Mwaka 1972 Rudolf Bayer na Edward McCreight, waliokuwa kwenye maabara za kampuni ya ndege ya Boeing, walichapisha namna ya kulipanga kama mti wenye matawi, na mpaka leo mpangilio huo ndio unaotumika karibu kila mahali.

Hebu tupige hesabu, maana hapa ndipo utamu ulipo. Tuseme ukurasa mmoja wa faharasa unabeba namba 300. Ukurasa wa juu unakuelekeza kwenye kurasa 300, kila mmoja wa hizo unakuelekeza kwenye nyingine 300, na kila ukurasa wa chini una namba 300. 300 mara 300 mara 300 ni milioni 27. Yaani namba moja ya mita kati ya milioni 27 inapatikana kwa kufungua kurasa 3 tu, na wa 4 ni ule wenye taarifa yenyewe. Bila faharasa, mashine inaanza kusoma mstari wa kwanza mpaka ikukute, na wewe umeshika simu gizani unasubiri meseji.

Kuchakaa sasa. Rudi kwenye daftari dogo. Ukurasa wa herufi M umejaa, na huku kwetu M haina mchezo: Mariamu, Mohamedi, Mwajuma, Mwinyi. Anakuja Mwanahawa, nafasi hakuna. Inabidi nusu ya majina yahamishiwe ukurasa mpya mwisho kabisa wa daftari, halafu unaandika "endelea kule". Tayari una kurasa mbili ambazo ni nusu tupu na hazifuatani. Mashine inafanya hivyohivyo, mara elfu kwa siku. Na waliohama Chanika wakaenda Mbagala? Majina yao yamepigwa mstari lakini nafasi bado wameikalia. PostgreSQL, mojawapo ya programu za kanzidata za bure, ukibadilisha taarifa haifuti ile ya zamani palepale. Inaandika mpya pembeni, ya zamani inabaki mpaka mfagiaji apite. Asipopita, jedwali linavimba na faharasa zake zinavimba nalo.

Kuna na takwimu, ambazo wengi wanazisahau. Kabla ya kutafuta, mashine inajiuliza: nitumie daftari dogo au nisome lote? Inaamua kwa takwimu ilizojiwekea. Kama takwimu zinasema jedwali lina mistari 200, kumbe imeshafika milioni 2, itachagua njia ya ovyo huku inajiamini kabisa. Kama wanasiasa fulani, lakini hiyo ni mada nyingine.

Hapo ndipo lile duka linapoingia. Mwenye duka ni mama mmoja mchapakazi, miaka michache nyuma alinunua programu ya mauzo kwa fundi ambaye siku hizi simu yake haipatikani (mnawajua). Mwanzoni ilikuwa inaruka. Baadaye kutafuta deni la mteja ikawa unaweza kwenda kunywa chai ukarudi bado inazunguka. Wateja wakaanza kuandikiwa risiti kwa mkono. Akaniita: "Mwanangu, hii kompyuta imezeeka. Nitafutie bei ya mpya." Nikamwambia, mama, shikamoo kwanza, halafu nipe siku moja nichungulie kabla hujatoa hela.

Nikachungulia. Ndani kuna PostgreSQL. Hii programu ina mfagiaji wake wa kuzaliwa, anaitwa autovacuum. Aliingizwa kwenye toleo la 8.1 mwaka 2005, na tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008 anakuja akiwa amewashwa, wewe hugusi kitu. Fundi wetu alikuwa amemzima. Nadhani aliona anakula nguvu za mashine akaamua bora aondoke. Ni sawa na kumfukuza mfagia soko kwa sababu ufagio wake unatimua vumbi.

Mimi nami sikuwa mjanja kihivyo. Kwa kiherehere nikatoa amri ya kujenga upya faharasa zote, saa 5 asubuhi, duka limejaa. Amri ya kawaida ya REINDEX inafunga mlango wa kuandika wakati inafanya kazi. Watu wamesimama na misumari ya bati mkononi, mauzo hayaingii, mama ananitazama hasemi kitu. Bora angesema. Kumbe tangu toleo la 12 la mwaka 2019 kuna namna ya kujenga faharasa mpya pembeni huku ya zamani inaendelea na kazi, unaongeza tu neno CONCURRENTLY. Inachukua muda mrefu zaidi na nafasi zaidi kwenye diski, lakini duka haliendi likizo. Hilo neno nilikutana nalo jioni yake, nimeshaaibika.

Basi nikamrudisha mfagiaji kazini na nikapanga kazi ya usiku: saa 8 usiku mashine ipime faharasa, ijenge upya zilizovimba, isasishe takwimu, iandike ripoti. Nikaondoka najiona mtaalamu. Wiki tatu baadaye napita kuangalia ripoti, hakuna hata moja. Kazi haikuwahi kuanza hata usiku mmoja. Sababu? Mama akifunga duka saa 2 usiku anazima kila kitu ukutani. Hataki uniti zake ziliwe na kompyuta isiyouza. Na yuko sahihi! Vitabu vyote nilivyosoma vinasema fanya matengenezo usiku wa manane wakati hakuna mtu. Waandishi wake wana seva zisizozimwa. Mimi niliichukua ile saa kama ilivyo nikaileta Chanika.

Nikaihamishia asubuhi. Kompyuta ikiwashwa, dakika chache baadaye kazi inaanza yenyewe, kijana wa dukani bado anapanga ndoo za rangi nje. Ikimaliza inatuma ujumbe kwenye simu yangu. Ujumbe usipofika, hiyo ndiyo taarifa yenyewe. Kompyuta mpya haikununuliwa.

Mtasema hilo ni duka tu. Haya, twende kwa wakubwa. Februari 2019 Mandrill, huduma ya kutuma barua pepe ya kampuni ya Mailchimp ya Marekani, iliyumba kwa takribani saa 40. Walikuwa wanatumia PostgreSQL hiyohiyo, na mfagiaji kwao alikuwa amewashwa. Alizidiwa. PostgreSQL inakipa kila kitendo namba, namba hizo zina kikomo, na mfagiaji ndiye anayewezesha zitumike upya. Akichelewa sana, kanzidata inakataa kuandika chochote ili isiharibu taarifa za watu. Kampuni yenye wataalamu, yenye hela, ikakwama kwa sababu ufagio ulikuwa mdogo kuliko soko, na walipogundua ilikuwa imeshachelewa. Kwa hiyo mtu akikwambia "mfumo wetu unajiendesha wenyewe", muulize nani anasoma ripoti.

Na hapa nyumbani tunaye mfano mzuri, tena wa serikali, ambao hausemwi sana. Mnavijua vile vitabu vikubwa vya MTUHA kwenye zahanati, nesi anaandika wagonjwa wa malaria, wajawazito, chanjo. Hesabu za vitabu hivyo zinaingizwa kwenye mfumo wa DHIS2, uliotengenezwa kwa kuongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakashiriki kuusimika hapa. Ulienezwa nchi nzima kufikia mwaka 2013. Ndani yake kuna kanzidata ya PostgreSQL, na walioubuni walikubali ukweli mmoja mapema: jedwali linalopokea taarifa kila dakika haliwezi kuwa lilelile linalojibu maswali mazito ya mkoa na wizara. Kwa hiyo kuna kazi ya kujiendesha, kwa kawaida hupangwa usiku. Inajenga majedwali mapya ya uchambuzi kutoka kwenye taarifa ghafi, inayajaza pembeni, inayawekea faharasa mpya kabisa, halafu inayabadilisha na yale ya jana. Asubuhi mganga mkuu wa wilaya anafungua grafu anaipata.

Ndiyo maana ukiingiza takwimu leo mchana, kwenye grafu unaweza usizione mpaka kesho. Wapo wanaolalamika kwamba mfumo umekula taarifa zao. Haujazila, zinasubiri zamu ya usiku. Hiyo ni bei, na kwa maoni yangu ni bei nafuu, mradi nesi aambiwe. Kama hakuambiwa ataingiza mara ya pili akidhani ya kwanza ilipotea, halafu tunaanza kusaka nani kakosea.

Sasa ona mfano mwingine wa LUKU, huu ni wa kuwapongeza. Tokeni za umeme duniani kote zinafuata kanuni moja, na ndani ya tokeni kuna saa inayohesabu dakika kuanzia mwaka 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inabeba dakika 16,777,216 tu. Ukizigawa unapata karibu miaka 32, na zikaisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haijaboreshwa kabla ya hapo isingepokea umeme mpya. TANESCO wakatangaza, mkinunua umeme mtapewa makundi matatu ya tarakimu 20, ingizeni moja baada ya jingine kwa mpangilio. Watu walinung'unika, wazee wakaingizwa tarakimu 60 na wajukuu zao, lakini kazi ikafanyika.

Kwa nini ile ilifanyika? Kwa sababu ilikuwa na tarehe. Tarehe inaitisha vikao, inaleta bajeti, inaweka tangazo redioni. Kuchakaa kwa faharasa hakuna tarehe. Leo ni polepole kidogo kuliko jana, kesho kidogo tena, na hakuna siku ambayo mkurugenzi ataitwa akate utepe kwa sababu faharasa zimejengwa upya. Kwenye uzinduzi wa mfumo kuna mahema, kuna ngoma, kuna fulana. Miaka mitatu baadaye mfumo ni mzito, tunaambiwa "mtandao uko chini", na mara nyingi jibu linalopendekezwa ni kununua seva mpya. Mama wa duka naye alitaka kununua kompyuta mpya. Tofauti ni kwamba yake ingetoka mfukoni mwake, ya serikali inatoka kwenye kodi, ikiwemo ile ya majengo ambayo tangu Agosti 2021 tunakatwa kwenye LUKU hiyohiyo.

Msinielewe vibaya, sisemi kila kitu kijengwe upya kila usiku. Huo nao ni ugonjwa. Wapo mafundi waliosoma mahali kwamba faharasa ikivurugika chini ya asilimia 5 iache, kati ya 5 na 30 ipange tu, zaidi ya 30 ijenge upya. Hizo ni namba za SQL Server ya Microsoft, na Paul Randal, aliyekuwa Microsoft na ndiye aliyezitoa, ameshaeleza kwamba zilikuwa za kuanzia tu. Watu wamezigeuza msahafu. Kwenye diski za siku hizi zisizo na sahani inayozunguka, kurasa kutofuatana kunaumiza kidogo kuliko zamani. Na mara nyingi fundi akijenga upya faharasa mambo yakawa mepesi, kilichotibu ni takwimu, maana kujenga upya kunasasisha na takwimu za ile faharasa. Angeweza kusasisha takwimu peke yake kwa muda mfupi sana. Ole Wako-Usiku-Kucha, ndivyo ninavyowaita wanaojenga kila kitu kila siku halafu wanashangaa diski inalalamika.

Dawa ni mashine ipime kwanza ndiyo iamue. Raia mmoja wa Sweden, Ola Hallengren, amekuwa akitoa bure kwa miaka zaidi ya 15 programu ndogo za kufanya hivyo kwenye SQL Server: zinapima, zinaruka faharasa ndogo zisizo na kurasa 1,000, zinagusa zinazohitaji tu. Mashirika makubwa duniani yanazitumia. Oracle wao mwaka 2019, kwenye toleo la 19c, walileta mashine inayotunga hata faharasa mpya yenyewe na kuzifuta zisizotumika, ila inataka mitambo yao ya Exadata ambayo bei yake tusiizungumzie hapa, tutaharibu siku.

Kupima kuna faida nyingine, nayo ni sisi wenyewe na mazoea yetu. Kumbukeni usajili wa laini kwa alama za vidole. Mwisho ulikuwa 31 Desemba 2019, Rais Magufuli akaongeza siku 20, na tukajazana kwenye zile siku za mwisho mpaka tarehe 20 Januari 2020. Mfumo wowote unaopokea umati wa namna ile unaandika ndani ya wiki moja kiasi ambacho kawaida kingechukua miezi. Kurasa zinagawanyika, takwimu zinapitwa na wakati ndani ya saa chache. Ratiba ya "kila Jumapili saa 8 usiku" inakuta msiba umeshaisha na turubai limeshafungwa. Mashine inayopima ingeanza kazi Jumanne.

Kwa hiyo ningekuwa mimi ndiye naandika zabuni ya mfumo wa halmashauri au hospitali, ningeongeza kurasa mbili tu. Moja inasema matengenezo ya faharasa na takwimu yatajiendesha kwa kupima, yakifanyika bila kufunga huduma, na mkandarasi aonyeshe yakifanya kazi kwa mwezi mzima kabla ya malipo ya mwisho. Ya pili ina jina la mtu na namba yake ya simu: huyu ndiye anayepokea ripoti kila asubuhi, na huyu ndiye wa pili akiwa likizo. Mfumo ukija kugoma tutakuwa na ripoti za miezi yote mezani kabla hatujaanza kusimamisha watu.

Na nyie mnaosoma hapa kafe, wenye cheti cha fomu foo kama mimi mnaosubiri ajira: hii kazi ipo. Maduka, maghala, famasi, shule binafsi kuanzia Gongo la Mboto mpaka huku kwetu, wana kanzidata ambazo mafundi wake wamepotea. PostgreSQL ni bure, maelezo yake ni bure, unahitaji saa kadhaa za kafe na uvumilivu. Ila usiendeshe REINDEX saa 5 asubuhi.

Leo ujumbe wa duka umeingia saa 1 na dakika 52 asubuhi: faharasa mbili zimejengwa upya, zilizobaki ziko sawa. Waliowahi kukaa kwenye chumba cha seva cha benki, hospitali au halmashauri, semeni hapo chini bila kutaja majina: kwenu ripoti ya usiku inasomwa na nani?